Jicho la Muuguzi Lisilale Zamuni

Mama atokaye Endebess au Kiminini akafika hospitali mjini Kitale usiku, huku uchungu wa uzazi umemshika, mara nyingi hupokewa na muuguzi wala si daktari. Muuguzi huyo ndiye atakayeamua ikiwa mama asubiri, alazwe, au daktari aitwe mara moja. Uamuzi wenyewe haupigiwi mbiu, lakini maisha ya watu wawili hutegemea hapo.

Yaliyotokea kwa jirani zetu wa Bungoma ni funzo. Mnamo Juni 2013 serikali ilianza kugharimia uzazi katika hospitali za umma. Agosti mwaka uo huo, mama mmoja alifika katika iliyokuwa Hospitali ya Wilaya ya Bungoma. Alipewa dawa ya kuanzisha uchungu, kisha akaambiwa ukizidi aende mwenyewe hadi chumba cha kujifungulia. Alipofika huko alikuta vitanda vimejaa. Akiwa anarudi, alijifungulia sakafuni. Badala ya kupewa pole, alipigwa makofi na kutukanwa.

Tarehe 22 Machi, 2018, Jaji Abida Ali-Aroni wa Mahakama Kuu ya Bungoma aliamua kuwa haki na heshima ya mama huyo zilivunjwa. Aliagiza aombwe radhi na kulipwa fidia ya shilingi milioni 2.5. Lawama haikuwaangukia wauguzi peke yao. Serikali kuu na ya kaunti pia zilipatikana na makosa.

Je, muuguzi mmoja mwenye wagonjwa tele afanyeje? Kitanda hawezi kukiumba. Lakini anaweza kuamua ni nani wa kuangaliwa kwanza. Mama aliyepewa dawa ya kuanzisha uchungu si wa kuachwa ajichunge, kwa maana dawa hiyo yaweza kukaza tumbo la uzazi kupita kiasi, mtoto akakosa hewa. Moyo wa mtoto aliye tumboni hupiga kati ya mara 110 na 160 kwa dakika. Uchungu ukishakolea, yafaa usikilizwe angalau kila nusu saa na kuandikwa pamoja na saa. Ukipungua au kuzidi, daktari aitwe bila kuchelewa, hata kama ana hasira za usingizi.

Kadhalika, muuguzi akitilia shaka kipimo cha dawa kilichoandikwa, ni wajibu wake kuuliza kabla ya kudunga sindano. Kusema "niliagizwa" si kinga. Na kazi ikimzidi, amwarifu msimamizi wake na aiweke taarifa hiyo katika maandishi, ili wakubwa nao wasipate pa kujificha.

Nasi jamaa za wagonjwa tuna sehemu yetu. Tueleze dalili bila kuficha, tuulize kwa adabu, na tusinyamaze tuonapo hali ya mgonjwa imebadilika. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika wodi ya wazazi, ukuta huo huenda ukawa kaburi.