Goma hadi Walikale: barabara ya vilima, volkano na hadithi, inayongoja wasafiri

Ukitoka Goma asubuhi na kushika njia ya Sake, ziwa Kivu linakufuata upande wa kushoto. Upande wa kuume kunasimama Nyiragongo, volkano yenye mita 3,470. Hapa huna haja ya kuulizia historia, kwa sababu unaikanyaga. Mawe meusi ambayo watu wa Goma wamejengea kuta na nyumba zao yalitoka ndani ya mlima ule. Tarehe 17 Januari 2002 mto wa moto ulishuka ukakata mji katikati mpaka ukaingia ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ukapasuka tena.

Kilomita 25 hivi mbele unafika Sake. Karibu na hapo kuna mawe ya zamani zaidi, ya volkano ya Nyamulagira, ambayo kati ya 1938 na 1940 ilitiririka mpaka ikafika ziwani. Sake ni njia panda. Kusini unakwenda Minova na Bukavu, kaskazini unapanda Kitshanga, na magharibi unaanza kupanda vilima vya Masisi. Njia hii ya magharibi inapita Masisi-centre, inashuka katika msitu na kufika Walikale, safari ya zaidi ya kilomita 200.

Katika nchi nyingine, njia yenye ziwa, volkano, malisho na msitu mkubwa ingekuwa na jina lake, ramani yake na vibao vya kuwakaribisha wageni. Kwetu inajulikana kwa habari za mapigano. Lakini kabla ya kusema kwamba mambo hayawezi kubadilika, tutazame barabara moja ya Ujerumani.

Barabara iliyozaliwa katika vifusi

Kusini mwa Ujerumani kuna njia inayoitwa Romantische Straße. Inaanzia mji wa Würzburg na kuishia Füssen, karibu na mpaka wa Austria, safari ya zaidi ya kilomita 400. Wageni kutoka dunia nzima wanaifuata kwa gari, kwa basi hata kwa baiskeli. Wanaona miji ya kale yenye kuta na minara, wanalala katika hoteli ndogo, wanakula, wananunua vitu, kisha wanaendelea na mji unaofuata.

Wengi wanadhani njia hiyo ni ya zamani sana. Sivyo. Miji ni ya zamani, ila jina na wazo la kuiunganisha ni la mwaka 1950. Na mwaka 1950 Ujerumani haikuwa nchi ya kutembelewa kwa raha. Miaka mitano tu ilikuwa imepita tangu vita kuu ya pili. Würzburg, mji wa kwanza wa njia hiyo, ulichomwa na mabomu usiku wa tarehe 16 Machi 1945, na sehemu kubwa kabisa ya katikati ya mji ikabaki majivu. Rothenburg, ambao leo picha zake ziko kila mahali, ulipigwa tarehe 31 Machi mwaka huohuo, na karibu asilimia 40 ya mji ikaharibika.

Walijenga upya namna gani? Huko Rothenburg ukuta wa mji ulirudishwa kwa michango ya watu wa nchi nyingi. Aliyelipia kipande cha ukuta, jina lake liliandikwa kwenye jiwe, na majina hayo bado yanasomeka. Wageni wa kwanza wa njia hiyo mpya walikuwa wengi wao Wamarekani, askari na familia zao, yaani watu wa nchi ambayo Ujerumani ilikuwa imepigana nayo. Watu wa miji ile waliwafungulia milango.

Mwisho wa njia kuna jengo maarufu kuliko yote, Neuschwanstein. Ukiliona utasema ni ngome ya vita ya karne nyingi zilizopita. Kumbe mfalme Ludwig wa Pili wa Bavaria alianza kulijenga mwaka 1869 kwa sababu ya kupenda hadithi za kale za mashujaa. Alifariki mwaka 1886 kabla halijamalizika, akaacha madeni, na wiki chache baadaye wageni wakaanza kulipa kiingilio. Mwaka 2025 UNESCO imeliandika katika orodha ya urithi wa dunia. Jengo ambalo halikulinda mji wowote linalisha watu wengi, kwa nguvu ya hadithi.

Masisi: malisho, fromaji na Mokoto

Turudi kwetu. Ukipita Sake, barabara inapanda Mushaki, Matanda na Bihambwe, katika vilima vinavyozidi mita 2,000. Baridi inaingia. Majani mabichi yanafunika vilima mpaka juu, na ngombe wanaonekana kama alama ndogo mbali. Wageni waliopita hapa zamani walipaita Uswisi ya Afrika, na ni vigumu kuwabishia.

Hapa ndipo inapotoka fromaji ya Masisi, ile ya mviringo ambayo kila mtu wa Goma anaijua. Ufundi huo uliletwa na wamisionari kutoka Ulaya, lakini leo uko mikononi mwa wafugaji na watengenezaji wa kwetu. Maziwa ya asubuhi, chungu, chumvi na subira: kwa njia hiyo maziwa ambayo yangeharibika barabarani yanageuka chakula kinachofika hadi Kinshasa. Lushebere, karibu na Masisi-centre, ni mojawapo ya majina yanayotajwa sana katika kazi hiyo. Ulaya, mji wenye chakula cha namna hii unaweka kibao barabarani na kumwalika mgeni aonje.

Njia nyingine ya Sake, ile ya Kitshanga, inakupeleka kwenye maziwa ya Mokoto. Kando yake watawa Wakatoliki wa Trapist waliotoka Ubelgiji walijenga monasteri mwaka 1954. Ni mahali pa utulivu, na pia mahali pa machozi. Mwezi Mei 1996, watu waliokuwa wamekimbilia monasteri walishambuliwa, wengi wakauawa, na watawa wakalazimika kuondoka. Atakayeandika siku moja kitabu cha wageni cha Masisi asiruke ukurasa huo. Wajerumani hawakuficha mabomu ya 1945. Wanayasimulia kwa wageni wao.

Walikale: msitu na mji wa Tubondo

Baada ya Masisi-centre njia inapita Nyabiondo na Kashebere, kisha inashuka. Malisho yanaisha, migomba inakuwa mirefu, joto linapanda, na msitu unafunga pande zote. Ukifika Walikale-centre, kwenye mto Lowa, uko chini ya mita 1,000. Kwa safari moja umetoka kwenye baridi ya ngombe hadi kwenye joto la mawese.

Mjerumani mmoja aliuvuka msitu huu kabla hakujawa na barabara yoyote. Mwaka 1893 Gustav Adolf von Götzen alitoka pwani ya Bahari ya Hindi, akavuka Rwanda, akapanda Nyiragongo, akaliona ziwa Kivu, kisha akaingia msituni kuelekea magharibi mpaka mto Kongo. Baadaye alikuwa gavana wa ukoloni wa Kijerumani huko Tanganyika wakati wa vita vya Maji Maji. Ulaya wanamtaja kama mvumbuzi. Lakini njia alizopita zilikuwa za watu, na watu hao walikuwa na miji yao na hadithi zao.

Hadithi kubwa kuliko zote za Walikale ni ya Mwindo, ya watu wa kabila la Wanyanga. Mwaka 1956 mtaalamu Mbelgiji Daniel Biebuyck aliirekodi kutoka kinywa cha msimuliaji Candi Rureke, na pamoja na Kahombo Mateene akaichapisha mwaka 1969. Tangu hapo inasomwa katika vyuo vikuu vya dunia. Shemwindo, mwami wa mji wa Tubondo, anakataza wake zake kuzaa watoto wa kiume. Mwindo anazaliwa. Baba anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mtoto anaokoka, anafika kwa shangazi yake Iyangura, anarudi na wajomba zake, na Tubondo unateketezwa kwa radi.

Wengi wanaikumbuka vita hiyo na kusahau kinachofuata. Mwindo anamtafuta baba yake hadi kuzimu, anamrudisha nyumbani, na haishii kwenye kisasi. Anawafufua watu waliokufa Tubondo, na mji unakuwa mji tena.

Mfalme wa Bavaria alikuwa na mawe na fedha, akaifanya hadithi kuwa jengo. Sisi tunayo hadithi, na mji wake haujawekewa hata kibao.

Kinachokosekana

Si uzuri unaokosekana. Utajiri pia haukosekani, kwani koltani ya Rubaya na kasiteriti ya Bisie vinajulikana kila pembe ya dunia. Njia yenyewe ndiyo inayokosekana. Karibu na Walikale, mahali panapoitwa Kilambo, kipande cha lami kiligeuzwa uwanja wa ndege: ndege ndogo zilitua juu ya barabara kuchukua madini, kwa sababu magari hayakuweza kufika Goma. Mwaka 2017 shirika la utafiti la IPIS la Ubelgiji lilihesabu vizuizi 798 katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, vya jeshi, vya vikundi vyenye silaha na vya wengine. Kila kizuizi ni fedha ya mtu anayepita.

Kisha vita. Mwaka 2010, kati ya Kibua na Mpofi, watu zaidi ya 300 walibakwa katika siku chache. Luvungi ndiyo jina lililosikika duniani. Mwezi Aprili 2024 M23 walichukua Rubaya, Januari 2025 wakachukua Masisi-centre, Sake na Goma, na Machi mwaka huo wakaingia Walikale-centre kabla ya kuondoka mwanzoni mwa Aprili. Maelfu ya familia walitembea barabara hii wakiwa na godoro kichwani. Nao wameviona vilima vyote. Ila hakuna anayeweza kufurahia kilima anachokimbia.

Kwa hiyo kuzungumza juu ya utalii leo kunaweza kuonekana kama kumdhihaki aliye hemani. Lakini barabara ile ya Ujerumani inaonyesha kwamba mgeni hakuja kwanza. Kwanza silaha zilinyamaza. Kisha mwenye nyumba alirudi, mkulima akapeleka mazao sokoni bila kulipa kila kona, kuta zikarudishwa kipande kwa kipande. Mgeni alifuata.

Kwetu msafiri wa kwanza hatakuwa na kamera. Atakuwa mama mwenye bidoni za mawese kutoka Walikale, mwenye pikipiki aliyebeba maharagi ya Nyabiondo, msukuma chukudu anayeteremka Mushaki, mwanafunzi anayerudi likizo kwa babu yake. Siku watakapofika Goma bila kuvua kitu mfukoni kwa mtu mwenye bunduki, barabara itakuwa imefunguliwa. Majina ya vituo yapo tayari: Sake, Mushaki, Lushebere, Masisi, Nyabiondo, Walikale. Wazee wanaojua hadithi ya kila kilima bado wapo pia, na hao wasingojewe mpaka amani ifike. Waulizwe sasa.