Sumu ya Mhogo na Utafiti wa Biokemia

Mhogo ni tegemeo la mamilioni ya watu katika Afrika, kwani hustahimili ukame na udongo uliochoka, na huweza kukaa ardhini mpaka utakapohitajiwa. Hata hivyo, mmea huu umebeba sumu. Mwaka 1981, wakati wa ukame mkali, zaidi ya watu 1,000 walipooza miguu katika jimbo la Nampula, Msumbiji. Ugonjwa huo huitwa konzo, jina lililotoka kwa Wayaka wa Kongo. Katika Tanzania ulizuka Tarime mwaka 1985, na mkoani Mtwara mwaka 2002 na 2003. Wanaopatwa zaidi ni watoto na wanawake wa umri wa kuzaa, na kilema chake hakiponi.

Sumu hutokeaje?

Katika seli za mhogo mna kampaundi iitwayo linamarini, ambayo molekuli yake ina glukosi iliyoungana na kundi lenye sianidi. Linamarini huhifadhiwa ndani ya seli, na kimeng'enya kinachoivunja, yaani linamarasi, hukaa katika ukuta wa seli. Maadamu seli ni nzima, viwili hivi havikutani. Mhogo ukitwangwa, au ukilowekwa hadi ukalainika, seli hupasuka, kimeng'enya hukutana na linamarini, na glukosi hutengwa. Kinachobaki huvunjika kuwa asetoni na haidrojeni sianidi. Kwa kuwa haidrojeni sianidi huchemka penye nyuzi 26 hivi za Sentigredi, hutoroka hewani kwa urahisi.

Ni dhahiri, basi, kwamba desturi ya kuloweka mhogo mchungu kwa siku kadhaa ina msingi wa kikemia. Mhogo uliomenywa na kuanikwa tu hukauka kabla seli nyingi hazijapasuka, na linamarini husalia katika unga. Njaa inapobisha hodi, watu hufupisha siku za kuloweka; ndiyo maana konzo hufuatana na ukame na vita.

Kinga ya mwili

Mwili wa binadamu una kimeng'enya kiitwacho rodanesi, ambacho hugeuza sianidi kuwa thiosianeti, nayo hutoka kwa njia ya mkojo. Kazi hiyo huhitaji sulfuri, inayopatikana katika asidi amino za protini kama methionini na sisteini. Kwa hiyo mtu alaye ugali wa mhogo mchungu kila siku, bila samaki, nyama wala mayai, hukabiliwa na hatari maradufu: sumu ni nyingi na silaha ni chache. Namna hasa neva zinavyoharibiwa bado inachunguzwa.

Mielekeo ya utafiti

Mwelekeo wa kwanza ni kuusafisha unga wenyewe. Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia alionyesha kwamba unga ukichanganywa na maji, kisha ukatandazwa kwa unene usiozidi sentimeta 1, kwa saa 2 juani au saa 5 kivulini, linamarasi iliyosalia huendelea kuivunja linamarini, na sehemu kubwa ya sianidi hupotea. Unga huo hupikwa siku hiyo hiyo. Kipimo cha usalama kilichokubaliwa kimataifa ni miligramu 10 za sianidi kwa kilo moja ya unga.

Mwelekeo wa pili ni kuubadili mmea. Mwaka 2003 watafiti nchini Marekani walizuia utengenezaji wa linamarini katika majani, na sianidi ya mizizi ikapungua kwa asilimia 99. Ikadhihirika kwamba mizizi hupokea linamarini kutoka majanini. Baadaye watafiti walihariri jeni mbili za mhogo na kupata mimea isiyotengeneza linamarini. Lakini yaelekea linamarini huupa mmea nitrojeni, tena huukinga na baadhi ya walaji wake. Hapana budi, basi, mimea hiyo ijaribiwe kwa makini mashambani kabla ya kukabidhiwa mkulima.

Mpaka hapo, maji, jua na saa mbili za subira vitaendelea kuokoa miguu ya watoto, mradi mpishi aelezwe sababu yake. Mwanafunzi aliyeielewa kazi ya kimeng'enya darasani anaweza kuifikisha elimu hiyo jikoni kwao.