Ruzuku ya Miezi 12 na Kazi ya Miaka 20

Ukitoka Shinyanga mjini kwa njia ya Mwanza utapita Kolandoto, penye njia panda ya kwenda Lalago. Hospitali ya hapo ilianzishwa na wamisionari wa Africa Inland Mission mwaka 1913, na leo iko chini ya kanisa la AICT. Mjerumani ameondoka, Mwingereza ameondoka, wafadhili wamepokezana, na wagonjwa bado wanapokelewa.

Asasi ndogo za kiraia mkoani humu haziishi kwa muda wa namna hiyo. Nyingi hutegemea ruzuku ya miezi 12, zikibahatika ya miaka mitatu. Sisemi ruzuku ni mbaya. Foundation for Civil Society, iliyoanzishwa mwaka 2002, imezifikishia asasi za vijijini fedha ambazo zisingezipata kwingine, na imezifundisha kutunza hesabu. Tatizo ni muda, pamoja na ugumu wa kubadili kilichokwisha kuandikwa kwenye andiko la mradi.

Fedha zikichelewa hadi Desemba, mvua imeshashika. Nani ataacha palizi ya pamba akakae mkutanoni mchana kutwa? Kiangazi nacho, vijana wengi wako mbali na mifugo, wakifuata maji. Mtendaji wa kijiji anayajua haya yote, lakini ni mara chache anaulizwa kabla mpango kazi haujapitishwa.

Chukua ndoa za utotoni. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa mkoani Shinyanga asilimia 59 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza 18. Fedha za kupambana na hali hiyo zilikuwa haki yetu. Ila semina ni rahisi kuihesabu: washiriki wamesaini, posho imelipwa, picha zimepigwa. Kazi yenyewe huanza siku binti anapokimbia nyumbani ng'ombe wa mahari wakiwa wameshaingia zizini kwa baba yake. Anahitaji pa kulala, ada, nauli ya kwenda mahakamani, na mtu wa kusimama naye kesi inapoahirishwa tena na tena huku mashahidi, ambao ni ndugu, wakianza kunyamaza. Mradi unaweza kufungwa kesi ikiwa bado inasikilizwa. Binti huyo tunamwambia nini?

Shinyanga yenyewe ina mfano mwingine. Mwaka 1986 serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ambayo baadaye ilisaidiwa na Norway. Miti ilikuwa imekatwa kwa miongo mingi, kwanza kufukuza mbung'o, kisha kupisha mashamba ya pamba. Mwanzoni mradi ulitegemea vitalu vya serikali na miche ya kigeni, na haukufika mbali. Wataalamu wakageukia ngitili, malisho ambayo Wasukuma huyafunga masika ili ng'ombe wapate nyasi kiangazi. Hapo hapakuhitajika miche mingi. Ilitosha kuiacha ardhi ipumzike, visiki vichipue.

Kutoka hekta zipatazo 600 mwaka 1986, ngitili zilivuka hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2002 HASHI ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Ninachokiheshimu zaidi ni kwamba mfadhili alikubali mpango ubadilike, akabaki miaka ya kutosha kuona mabadiliko hayo yanazaa nini. Kwa ruzuku ya mwaka mmoja, HASHI ingefungwa ikiwa bado kwenye vitalu, na ripoti ingetaja idadi ya miche iliyogawiwa.

Mradi ulimalizika mwaka 2004. Ulinzi wa ngitili haukuwa kwenye bajeti ya Norway: mipaka na faini zilipangwa na vijiji vyenyewe, na aliyeingiza ng'ombe kabla ya wakati alikamatwa na sungusungu wa kijiji chake.