Kofia ya Yankees Kitale, jezi ya Ingwe Bungoma: Ipi halisi, ipi bandia?

KATIKA soko la mitumba mjini Kitale, si ajabu kumwona kijana ameigeuza kofia ndani nje, akikagua lebo na mishono yake jinsi karani wa benki anavyoikagua noti ya Sh1,000 anayoishuku. Mbele ya kofia hiyo zimedariziwa herufi mbili, N na Y, zikiwa zimepandana. Huenda kijana huyo hajawahi kutazama mchuano hata mmoja wa besiboli, wala hawezi kumtaja mchezaji yeyote wa New York Yankees, klabu inayoimiliki nembo hiyo. Hata hivyo, analijua jambo moja ambalo hakulisomea popote: kofia iliyokwisha kuvaliwa ng'ambo yaweza kuwa halisi zaidi kuliko ile mpya inayong'aa katika duka la mkabala.

Kwa mnunuzi wa New York, mpya ndiyo orijino. Kwa mwenzake wa Kitale, orijino ni ile iliyofifia kidogo.

Mtu hawezi kuitenga kofia halisi na ya kughushiwa pasipo kujua asili yake. Nembo yenyewe haikubuniwa kwa ajili ya michezo. Mnamo 1877, kampuni ya Tiffany, maarufu kwa vito, ilichora herufi hizo kwenye medali aliyotunukiwa John McDowell, afisa wa polisi wa New York aliyepigwa risasi akiwa kazini. Klabu, ambayo wakati huo ilifahamika kama Highlanders, iliichukua mwaka wa 1909. Mistari myembamba ya wima kwenye jezi ilijitokeza mara ya kwanza 1912, ikaachwa, kisha ikarejea 1915 na haijaondoka tangu hapo. La kushangaza ni kwamba hadi leo NY iliyo kwenye kofia na NY iliyo kifuani mwa jezi hazifanani. Kila moja imechorwa kivyake. Mtu asiyelijua hilo anaweza kudhani kwamba jezi halali ni ya wahalifu.

Kampuni inayotengeneza kofia rasmi za ligi kuu ya Marekani ni New Era, iliyoanzishwa mjini Buffalo mwaka wa 1920. Aina yake mashuhuri, 59Fifty, ilizinduliwa 1954, na kuanzia 1993 kampuni hiyo ndiyo pekee yenye idhini ya kuwavika wachezaji wa ligi hiyo uwanjani. Kofia ya aina hii hushonwa kwa vipande sita vinavyokutana utosini chini ya kifungo kidogo, na kila kipande kina kitundu cha kupitisha hewa. Haina mkanda wa kukazia nyuma. Huuzwa kwa vipimo vya kichwa, kama vile viatu vinavyouzwa kwa nambari. Hivyo basi, kofia yenye mkanda wa plastiki kisogoni inaweza kuwa bidhaa halali, lakini si ile ya uwanjani.

Umri wake nao husomeka. Kwa miaka mingi kofia hizo zilikuwa za sufu, na upande wa chini wa mdomo wake wa mbele ulikuwa wa kijani. Katika miaka ya 1990 kijani hicho kikawa kijivu. Mwaka wa 2007 sufu ikaachwa, ikaja poliesta, na chini ya mdomo pakawa peusi. Alama ya New Era ubavuni, upande wa kushoto, haikuwepo kwenye kofia za wachezaji hadi mwishoni mwa msimu wa 2016. Aidha, kiwanda cha kampuni hiyo kilichokuwa Derby, katika jimbo la New York, kilifungwa 2019. Mchuuzi anayedai kwamba kofia yake ni ya "miaka ya tisini" ilhali ni ya poliesta na chini ya mdomo ni nyeusi tititi, ama amedanganywa au anadanganya.

Hata hivyo, si kila kofia isiyovaliwa uwanjani ni ghushi. Mnamo 1996, mwelekezi wa filamu Spike Lee aliiomba New Era imtengenezee kofia ya Yankees yenye rangi nyekundu, rangi isiyokuwa ya klabu hiyo hata kidogo. Aliivaa hadharani katika fainali za mwaka huo. Kuanzia hapo mlango ulifunguka, na kofia za klabu hiyo zikaanza kushonwa kwa rangi za kila aina, waimbaji wa rap wakazieneza, na nembo ya timu ikageuka kuwa nembo ya jiji, kisha ikawa pambo tu. Kofia ya Yankees ya waridi inayoonekana juu ya kichwa cha mwendeshaji bodaboda katika barabara ya Kitale kuelekea Kiminini inaweza kuwa imetoka kiwandani kihalali kabisa. Kwa hiyo kuna ya uwanjani, kuna ya mitindo iliyoidhinishwa, na kuna ya kuigiza. Mitumba huzichanganya zote tatu katika robota moja.

Biashara yenyewe ilishika kasi nchini mapema miaka ya 1990, serikali ilipolegeza masharti ya uagizaji. Viwanda vya nguo vya humu nchini havikuhimili kishindo hicho. Kicomi cha Kisumu na Rivatex cha Eldoret vilianguka, ingawa hicho cha pili kilikuja kununuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka wa 2007. Viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia 2016 kuikomesha mitumba hatua kwa hatua, Kenya ikajiondoa mwaka uliofuata kwa kuhofia kupoteza nafasi ya kuuza nguo zake Marekani bila ushuru. Mnamo Machi 2020 uagizaji ulipigwa marufuku kwa sababu ya corona, ukarejeshwa Agosti. Wachuuzi wa magharibi ya nchi hawajasahau miezi hiyo mitano.

Robota linapofunguliwa, huchaguliwa kwanza "kamera", yaani vitu safi vya daraja la juu, na mwishoni husalia "fagia", vinavyouzwa kwa bei ya kutupa. Kofia halisi yenye jasho la mwenyewe wa kwanza inaweza kuangukia fagia, huku ya kuigiza iliyo safi ikipandishwa hadi kamera. Soko hupima usafi na mwonekano. Uhalisi hupimwa na mnunuzi mwenyewe, kwa vidole vyake.

Huko Marekani kwenyewe suala hili limezua mjadala mkali. Mwaka wa 2024, ligi kuu ilipoanzisha jezi mpya zilizobuniwa na Nike na kushonwa na Fanatics, wachezaji wenyewe walilalamika kwamba kitambaa ni chepesi mno na herufi za majina zimekuwa ndogo. Zilikuwa na kila muhuri wa idhini, lakini aliyezivaa alihisi amevishwa jezi ya bandia. Baadhi ya mabadiliko hayo yalibatilishwa msimu uliofuata.

Na kuna wanaokimbilia kale. Katika mwaka wa 1985, mteja mmoja alipeleka jezi kuukuu za besiboli zikarabatiwe katika duka la Mitchell & Ness mjini Philadelphia, duka lililokuwapo tangu 1904. Mwenye duka, Peter Capolino, alipozunguka akitafuta kitambaa kinachofanana nazo, alikumbana na yadi zipatazo 12,000 za flana ya sufu zilizosahauliwa ghalani. Badala ya kutia viraka tu, alianza kushona upya jezi za enzi zilizopita, nyuzi kwa nyuzi, na wazee waliozishabikia timu hizo utotoni wakapiga foleni. Biashara nzima ya jezi za kumbukumbu ilichipuka hapo. Hata timu iliyokufa ina soko: Montreal Expos ya Canada ilihamishiwa Washington baada ya msimu wa 2004 na jina lake likazikwa, lakini kofia yake ya rangi tatu ingali inashonwa na kununuliwa.

Kutoka Kitale hadi Bungoma ni mwendo mfupi kupitia Kamukuywa na Misikhu, na huko ndiko swali hili linapoacha kuwa la Wamarekani. Eneo hili ni ngome ya AFC Leopards. Klabu hiyo ilianzishwa 1964 kwa jina la Abaluhya, ikalazimika kulibadilisha 1980 serikali ilipoagiza majina ya kikabila yaondolewe katika michezo. Ikabaki na rangi zake, buluu na nyeupe, na jina la utani Ingwe. Ikatwaa ubingwa wa klabu za Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, 1982, 1983 na 1984, enzi za kina Wilberforce Mulamba, J.J. Masiga na kipa Mahmoud Abbas. Kwa shabiki wa makamo wa Kanduyi au Kimilili, jezi ya miaka hiyo ni zaidi ya vazi. Jina lilipopigwa marufuku, rangi ndiyo iliyolihifadhi.

Sasa shabiki huyo akitaka jezi hiyo, aende wapi? Jezi za msimu uliopo hupatikana, halali na haramu. Klabu kubwa nchini zimelalamika mara kwa mara kwamba jezi za kughushiwa huchuuzwa hadi kwenye lango la uwanja, na kila moja inayouzwa ni pesa zinazopita kando ya hazina ya klabu. Leopards ilikuwa miongoni mwa klabu zilizoachwa mkono mtupu SportPesa ilipositisha ufadhili wake 2019. Klabu isiyo na mfadhili haina budi kutegemea viingilio na jezi. Sheria ya kupambana na bidhaa ghushi ipo tangu 2008, lakini askari hawezi kumnyaka mchuuzi wa jezi ya 1983, kwa sababu hakuna jezi rasmi ya 1983 inayouzwa ili ya mchuuzi iitwe bandia.

Hali ni ngumu zaidi kwa timu zilizotoweka. Pan Paper ya Webuye ilicheza ligi kuu ikiwa chini ya kiwanda cha karatasi kilichowaajiri maelfu ya watu. Kiwanda kikafungwa 2009, na timu ilikuwa imeshafifia. Montreal ilipoipoteza timu yake, kofia ilibaki dukani. Webuye ilipoteza kiwanda, timu na jezi kwa pamoja. Nzoia Sugar, timu nyingine ya kaunti hiyo, nayo ina hatima iliyofungamana na kiwanda cha sukari, na hekima ingekuwa kuweka jezi moja ya kila msimu kabatini kuanzia leo. Gharama yake ni jezi moja.

Kwani kilichomwezesha Capolino si ujuzi wa cherehani. Alikuwa na jezi ya zamani mezani, akaweza kuhesabu mishono, kupima upana wa mstari na kulinganisha rangi. Kwa Leopards, picha nyingi za miaka ya 1960 na 1970 ni nyeusi na nyeupe. Zinaonyesha ukosi ulikuwa wa namna gani, na mara nyingine idadi ya mistari, lakini haziwezi kusema kama buluu ya Abaluhya ilikuwa ya mawinguni au ya kukolea. Wazee watatu wakiulizwa, huenda watatoa majibu matatu. Kitambaa chenyewe ndicho kinachoweza kuwaamua, ikiwa kingalipo katika sanduku la mchezaji mstaafu au la mjane wake mahali fulani kati ya Webuye na Kiminini, na ikiwa hakijakatwa kuwa tambara la kupigia deki.