Shahada ya uuguzi ya mtandaoni: Hesabu ipigwe kabla ya kuuza mahindi

BEI ya mahindi inaposhuka Juni na Julai katika masoko ya Mbeya na Iringa, ndipo familia nyingi zenye mtumishi wa serikali huanza kuzungumzia ada. Vyuo vikuu hufunguliwa Oktoba na Novemba, na gunia linalouzwa mapema ili kulipia muhula wa kwanza ni gunia ambalo kwa kawaida lingepata bei nzuri zaidi likisubiri Januari. Miongoni mwa wanaopiga hesabu hizo ni wauguzi wenye stashahada wanaotaka shahada bila kuacha kazi, pamoja na wenzi wao wenye vibanda Mwanjelwa au Soko Kuu la Iringa, ambao mara nyingi ndio watoa mtaji.

Bidhaa inayowavutia ni shahada ya mtandaoni, na sababu yake ni umbali. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, na kutoka Iringa ni kama 500. Mpango wa Chuo Kikuu cha Aga Khan, ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000, uliwaweka wauguzi darasani siku mbili kwa wiki na kuwaacha kazini siku zilizobaki. Mpango huo uliwafaa wa Dar es Salaam. Muuguzi wa Uyole au Tosamaganga hauwezi kumsaidia, kwa kuwa siku hizo mbili zingeishia ndani ya basi.

Hata hivyo mnunuzi ajue kwamba uuguzi hausomwi wote kwenye skrini. Mwaka 2005 shirika la AMREF, likishirikiana na serikali ya Kenya na kampuni ya Accenture, lilianzisha masomo ya kompyuta kwa lengo la kuwapandisha wauguzi zaidi ya 20,000 kutoka cheti hadi stashahada. Hata katika mpango huo mkubwa mafunzo ya vitendo yalibaki wodini, chini ya msimamizi. Kwa hiyo swali la kwanza kwa chuo chochote ni hili: vitendo vitafanyika hospitali gani, kwa wiki ngapi, na nani anamlipa msimamizi? Kama jibu ni hospitali ya mbali, nauli iliyodhaniwa kufutwa imerudi kwa mlango wa nyuma, pamoja na pango la chumba.

Swali la pili ni la vibali, na hapa ndipo mtaji wote unaweza kupotea. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) haitambui jina la chuo peke yake. Kila programu hupata ithibati yake, na orodha hutolewa katika mwongozo wa udahili wa kila mwaka. Shahada ya nje ya nchi hupelekwa TCU kutambuliwa. Kisha kuna Baraza la Uuguzi na Ukunga, linalofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2010, ambalo ndilo lenye daftari la usajili na leseni. Chuo kinaweza kuwa halali kabisa kwao Uingereza au India, na bado cheti chake kisimbadilishie muuguzi wa Mbeya chochote. Aprili 2017, watumishi wa umma 9,932 walitajwa katika ripoti ya uhakiki kuwa na vyeti vya kughushi. Uhakiki ule ulihusu zaidi vyeti vya sekondari na ualimu, lakini ulionyesha jinsi karatasi isiyo na mizizi inavyoweza kuondoka na ajira nzima.

Wapo wanaokwepa usumbufu huo kwa kujiunga na Chuo Kikuu Huria, ambacho kilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994 na kina vituo katika mikoa yote miwili. Ni chuo halali na cha karibu. Lakini shahada ya biashara au sosholojia haimfanyi Afisa Muuguzi Msaidizi kuwa Afisa Muuguzi, kwa sababu muundo wa utumishi unataka shahada ya uuguzi. Anayeichukua awe amekusudia kuhama fani.

Sasa faida. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu. Muuguzi ana mshahara wa msingi wa shilingi 750,000, na baada ya shahada unapanda hadi 900,000. Nyongeza ni 150,000 kwenye karatasi. Ukitoa pensheni ya asilimia 5, bima ya afya asilimia 3 na kodi ya mapato, ambayo sehemu yake inaingia daraja la asilimia 25, zinazofika mkononi ni kama 105,000. Akiwa anadaiwa na Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya nyongeza inakatwa pia, na anabaki na kama 82,000.

Kama gharama zote kwa miaka 3 ni shilingi 6,000,000, asiye na deni atazirudisha kwa miezi 57, na miezi hiyo inahesabiwa tangu mshahara mpya ulipoanza kulipwa, wala si tangu siku ya mahafali. Akizikopa zote SACCOS kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi isiyopungua, kwa miezi 36, atalipa 9,240,000, na muda wa kurudisha unafika miezi 88. Akilipa muhula kwa muhula, milioni moja moja, riba yote hiyo ya shilingi 3,240,000 inabaki nyumbani. Mfanyabiashara wa viazi anaelewa jambo hili haraka kuliko afisa mikopo.

Kuna gharama nyingine ambayo haimo katika karatasi ya ada. Wauguzi wengi hufanya kibarua jioni katika zahanati binafsi. Kama kinaingiza 80,000 kwa mwezi na masomo yakakimaliza, miezi 36 ni 2,880,000. Vifurushi vya intaneti havifiki hapo.

Kisha kuna kusubiri. Mtumishi wa umma hubadilishiwa kada pale mwajiri anapokuwa na nafasi katika ikama na fedha katika bajeti ya mishahara. Juni 2016 serikali ilisitisha ajira mpya na upandishaji vyeo kupisha uhakiki wa watumishi hewa, na waliokuwa wamemaliza masomo walikaa na vyeti vyao sandukuni. Katika mfano huu kila mwaka wa kusubiri unagharimu shilingi 1,260,000. Ndiyo maana barua ya mwajiri ya ruhusa ya masomo, inayotaja kozi kwa jina, ina thamani kuliko punguzo lolote la ada. Katika hospitali za mashirika ya dini, kama Ilula, mtumishi wa serikali na wa kanisa huweza kuwa wodi moja na waajiri tofauti. Kila mmoja aulize kwake.

Marekani hali ni nyingine. Ripoti ya Taasisi ya Tiba ya mwaka 2010 ilitaka asilimia 80 ya wauguzi wawe na shahada ifikapo 2020, na hospitali nyingi zikachangia ada. Matangazo yanayotoka huko yameandikwa kwa soko hilo.

Malipo kwa vyuo vya umma yapitie namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali, kamwe si namba ya simu ya wakala. Kwa familia ambayo mwajiri wake hajaandika barua bado, milioni sita hizo zinaweza kulinganishwa na duka la dawa muhimu, mpango ulioanzia Ruvuma mwaka 2003. Duka nalo linataka usajili wa Baraza la Famasi na mtoa dawa mwenye mafunzo, lakini mauzo yake huanza kuonekana mwaka uleule.