KUPANGA UZAZI SI KUKATAA WATOTO

Mkulima wa mpunga wa Idodi, mkoani Iringa, haachi miche yake isongamane. Huikuza kitaluni, kisha huipandikiza kwa nafasi, maana ajua kwamba miche iliyobanana hunyang'anyana chakula. Ikiwa shamba alipangia nafasi, kwa nini asiwapangie wanawe?

Twauliza hivi kwa sababu wako wenzetu wadhanio kwamba kupanga uzazi ni kukataa watoto. Sivyo. Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere, alipoueleza mkutano wa TANU Mpango wa Pili wa Maendeleo, alikumbusha kwamba yapasa watu wafikirie malezi ya watoto, wala si wingi wao tu. Jambo hili, basi, si geni kwetu.

Wataalamu wa afya washauri mama apumzike angalau miezi 24 baada ya kujifungua, ndipo ashike mimba nyingine. Njia zipo: vidonge vya kila siku, sindano ya kila miezi mitatu, kipandikizi cha mkononi, kikaacho miaka kadhaa, kitanzi, ambacho kile cha shaba hudumu hata miaka 10, na kufunga uzazi kwa waliotosheka na watoto. Anyonyeshaye maziwa yake matupu, mchana na usiku, hukingwa miezi sita ya kwanza, maadamu hajaona hedhi. Kondomu ndiyo pekee ikingayo mimba na maradhi pamoja; nasi tusisahau kwamba uchunguzi wa mwaka 2022 na 2023 uliona watu wazima 11 hivi katika kila 100 mkoani Iringa wana virusi vya UKIMWI.

Husemwa kwamba sindano huua kizazi. Si kweli. Yaweza kuvuruga hedhi, na aiachapo mama, mimba yaweza kukawia miezi kadhaa. Lakini kizazi ki hai. Wa kuulizwa ni mganga au muuguzi, si uvumi wa kisimani.

Hata hivyo, wako wake waendao zahanati kwa siri, wakiwaogopa waume zao. Hiyo ni aibu yetu wanaume. Mimba hubebwa na mmoja, lakini mtoto ni wa wawili. Ndugu mfanyakazi, ndugu mkulima, fuatana na mkeo, sikilizeni pamoja, mchague pamoja. Taifa hujengwa na watoto walioshiba na mama walio hai.