Kutoka Studio Hadi Tribinali

Kazi ya mtu wa mawasiliano ni kufanya jambo lijulikane. Kazi ya avoka, mara nyingi, ni kuamua lipi lisitoke nje. Kwa hiyo mtangazaji au mtu wa masoko wa Bukavu anayetaka kuhamia kwenye sheria asidhani anahama ofisi tu.

Wapo waliozimudu zote mbili. Caddy Adzuba, mzaliwa wa mji huu, alisomea sheria Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu, akawa mwandishi wa Radio Okapi, na mwaka 2014 akapewa Tuzo ya Asturias ya Hispania kwa kuwatetea wanawake waliobakwa vitani. Lakini yeye sheria aliisomea chuoni. Anayetokea studio bila kuisomea ana kazi zaidi.

Hata hivyo haji mikono mitupu. Tribinali zetu huandika kwa Kifaransa, ilhali mjane wa Kabare anayedai shamba la marehemu mumewe anasema Kimashi na Kiswahili. Hukumu ikishasomwa, anaweza kutoka hajui ameshinda au ameshindwa. Aliyezoea kuchukua ripoti nzito na kuieleza hadi muuzaji wa soko la Kadutu akaielewa ana kipaji adimu katika vitivo vya sheria. Kwangu mimi huo ndio mtaji wake, wala si ufundi wa kuuza jina.

Jina, kwa kweli, haliuzwi. Maadili ya uwakili nchini Kongo hayamruhusu avoka kuwinda wateja kwa matangazo. Tangazo la redio lililomlisha jana, leo linaweza kumfikisha mbele ya wakuu wa baro, chama cha mawakili.

Na kuhusu kutunza siri, tazama kesi ya Kavumu, mji mdogo kaskazini mwa Bukavu. Kati ya 2013 na 2016 wasichana wadogo, wengine hawajatimiza hata miaka miwili, walichukuliwa usiku na kubakwa. Mahakama ya kijeshi ya Kivu Kusini ilikwenda kusikiliza kesi hukohuko Kavumu, na Desemba 2017 ikawahukumu wanaume 11, akiwemo mbunge wa jimbo Frédéric Batumike, kifungo cha maisha. Mashahidi walifunikwa mwili mzima na sauti zao zikabadilishwa. Watoto walihojiwa mapema mbele ya kamera ili wasilazimike kukutana na washtakiwa. Kamera, maikrofoni, uhariri: vyote ni vifaa anavyovijua mtu wa studio, ila hapa vilitumika kuficha. Jina moja likiponyoka, familia nzima iko hatarini.

Njia yenyewe ni ndefu: shahada ya sheria, kisha staji chini ya avoka mzoefu. Na tangu waasi wa M23 wauteke mji wa Bukavu Februari 2025, shughuli za mahakama za serikali zimevurugika. Mwenye nia aanzie kwenye kliniki za sheria, akiwaeleza watu haki zao kwa lugha yao. Asiyeweza kutunza siri ya mteja abaki redioni. Huko bado anahitajika.